Kakao ya Mbingu na Karanga za Kongwa

Hotuba kwa wanaumoja kwenye mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya ghala

   

Kamati imeniomba nizungumze dakika ishirini kabla harambee haijaanza. Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Wewe umekaa miaka mingi Kilombero na wakulima wa kakao. Njoo utuambie kitu." Nikamuuliza, "Mwenyekiti, Kongwa na kakao wapi na wapi?" Maana kakao ni mti unaotaka mvua nyingi, kivuli na unyevu, na sisi hapa mvua tunaihesabu siku kwa siku. Akanijibu, "Sikuiti utufundishe kupanda kakao. Njoo utuambie wenzetu wanafanya nini wakishavuna."

Basi nitajibu swali hilo, halafu nitawaambia jambo moja la aibu lililonipata mimi mwenyewe, kisha nitawaomba pesa. Nimesema mapema ili asiwepo wa kushtuka.

Ndugu zangu, kakao ya nchi hii inatoka zaidi Kyela na wilaya za jirani yake mkoani Mbeya, na bonde la Kilombero mkoani Morogoro. Sisi ni wadogo sana katika zao hilo. Ivory Coast na Ghana peke yao wanatoa zaidi ya nusu ya kakao yote ya dunia. Tanzania haifiki hata asilimia moja. Lakini kuna chokoleti za bei kubwa kule Marekani na Ulaya zinazoandikwa kwenye karatasi yake jina la Tanzania, na jina la mahali kakao ilipotoka. Swali ni hili: mnyonge wa soko amepataje kuandikwa jina?

Tunda la kakao linaota kwenye shina la mti, kubwa kama papai dogo. Ukilipasua unakuta punje thelathini, arobaini, zimefunikwa na utando mweupe mtamu. Watoto huunyonya kama ubuyu. Lakini punje yenyewe ukiitafuna ni chungu, na haina hata harufu ya chokoleti. Ladha ile haipo kwenye mti. Inatengenezwa baada ya kuvuna. Punje mbichi hujazwa kwenye masanduku ya mbao na kufunikwa, zinavundikwa siku tano, sita, hata saba. Zinachemka zenyewe mpaka joto linakaribia nyuzi 50, na lazima zigeuzwe ili zivundike sawasawa. Kisha zinaanikwa juu ya vichanja, zinachambuliwa kwa mkono, zinageuzwa kutwa, mvua ikitishia zinafunikwa, mpaka unyevu ubaki kama asilimia 7. Ukikosea siku mbili tu hapo, mwaka mzima wa kupalilia umepotea. Punje inaota ukungu, na mnunuzi wa chokoleti nzuri haitaki hata bure.

Zamani kila mkulima alivundika na kuanika kivyake, mwingine kwenye ndoo, mwingine kwenye majani ya migomba, mwingine alianika kando ya barabara. Mnunuzi akija analipa bei moja kwa wote. Aliyehangaika na aliyelala walipata sawa. Sasa niambieni, mwaka unaofuata nani atahangaika?

Mwaka 2013, katika kijiji cha Mbingu, kule bondeni kwenye reli ya TAZARA, watu wawili, Simran Bindra na Brian LoBue, walianzisha kampuni inayoitwa Kokoa Kamili. Wao walibadilisha kitu kimoja. Walinunua kakao ikiwa bado mbichi, kwa bei iliyozidi ile ya kawaida ya pale. Kazi ya kuvundika na kuanika wakaifanya wenyewe mahali pamoja, kwa utaratibu mmoja. Mkulima anapima, anaona mshale wa mizani kwa macho yake, anaandikiwa, analipwa. Kakao ya pale ikaanza kununuliwa na watengenezaji wa chokoleti wanaochagua sana, kama Dandelion Chocolate wa San Francisco, ambao wamewahi kutoa taarifa za wapi wamenunua na kwa bei gani, mtu yeyote azisome.

Na kule Kyela, kijiji cha Mababu, kuna Shawn Askinosie, mtu aliyekuwa wakili wa kesi za jinai huko Missouri kabla hajawa mtengenezaji wa chokoleti. Yeye ananunua kwa wakulima moja kwa moja, na pamoja na bei anawagawia wakulima sehemu ya faida. Anakuja na hesabu za kampuni, anawafungulia, anawaonyesha kilichoingia na kilichotoka.

Sijasema haya ili tuwapigie makofi wageni. Biashara ya kakao duniani ina madoa yake. Mwaka 2001 makampuni makubwa ya chokoleti yalitia saini mkataba wa kukomesha utumikishaji mbaya wa watoto katika mashamba ya Afrika Magharibi, na hadi leo kazi hiyo haijaisha. Hesabu zilizotolewa Ulaya mwaka 2015 ziliweka fungu la mkulima wa kakao chini ya shilingi 7 katika kila shilingi 100 anazolipa mlaji dukani. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria mwaka 2023 ya kumtaka muuzaji aonyeshe shamba lenyewe kwenye ramani, ili kakao isitoke kwenye msitu uliofyekwa. Kwa hiyo haki haijakamilika popote. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilivuka dola 10,000 kwa tani, haijawahi kutokea. Mwaka uliofuata ikashuka tena. Anayetegemea bei tu, bei ndiyo itakayomlea na bei ndiyo itakayomwangusha.

Nilichojifunza mimi kwa kukaa nao ni kwamba haki ya mkulima haianzii kwenye nembo iliyobandikwa dukani. Inaanzia kwenye vitu vitatu ambavyo mzee yeyote wa hapa anavijua: mizani isiyodanganya, mahali pazuri pa kuanikia, na daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa turudi nyumbani.

Hapa Kongwa sisi tunajua karanga kuliko mtu yeyote. Hata Waingereza walikuja kuzitafuta hapa. Mwaka 1947 walianza ule Mpango wa Karanga, wakaleta matrekta, mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vya vita, wakang'oa mibuyu na vichaka. Udongo ukakauka ukawa kama saruji, mvua ikawakimbia kama inavyotukimbia sisi, na mwaka 1951 wakafunga virago wakiwa wamepoteza pauni milioni 36. Wazee wetu waliokuwa wakilima karanga vishamba vidogo pembeni waliendelea kulima. Karanga zile ndizo zilizotusomesha wengi tuliomo humu ukumbini. Ndizo zilizo kwenye mlenda, kwenye uji, kwenye mfuko wa mtoto anayekwenda shule.

Na ndizo zilizonitia aibu.

Kabla sijaenda Kilombero nilikuwa mnunuzi wa karanga hapa hapa nyumbani. Nilinunua kwa lumbesa, sitaki kuficha. Gunia limeshonewa kilemba juu, nalipa la kawaida. Wapo humu walioniuzia. Naomba radhi mbele yenu. Nilinunua pia karanga zilizolowekwa. Mnajua mchezo ule: maganda yakiwa makavu vidole vinauma kumenya, basi tunanyunyizia maji usiku ili asubuhi yafunguke kirahisi, na uzito nao unaongezeka kidogo. Mimi nilifumba macho, kwa sababu nami nilikuwa nimeshaiba kwenye kilemba.

Nikapeleka magunia arobaini na mbili kwa mnunuzi mmoja Dar es Salaam. Wakachukua sampuli, wakapima, wakanirudishia mzigo wote. Sababu: sumukuvu. Nilikuwa sijalisikia neno hilo. Nikaambiwa ni sumu inayotolewa na ukungu, kwamba haina rangi, haina ladha, na kuikaanga au kuipika hakuiondoi. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 katika kilo moja, na karanga zangu zilipita mbali.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Karanga zile sikuzitupa. Nilikuwa na deni. Nilizipeleka sokoni nikaziuza kwa bei ya kutupa, na aliyezinunua sikumwambia kwa nini ni rahisi. Miezi michache baadaye nilimtembelea dada yangu. Alikuwa jikoni anakoroga uji wa lishe wa mtoto wake wa kwanza. Nikamuuliza, "Dada, karanga za unga huu umenunua wapi?" Akanitajia soko lile lile. Nikanyamaza. Sijui kama zilikuwa zile zangu, na sitajua kamwe.

Mwaka 2016 majirani zetu wa Chemba na Kondoa, na wenzetu wa Kiteto mkoani Manyara, walianza kuugua. Watu wanavimba tumbo, macho yanakuwa ya manjano, wanatapika. Wataalamu walipochunguza wakaona ni sumukuvu, hasa kwenye mahindi waliyokuwa wakila. Zaidi ya watu kumi walifariki, watoto wakiwemo. Wale ni watu wa kula ugali wao wa nyumbani, mahindi ya shamba lao. Hao ni wale walioanguka haraka, tukawaona. Sumu hii ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka inaharibu ini, hata kuleta saratani, na hakuna anayeiandika kwenye cheti.

Ndugu zangu, hapo ndipo kakao na karanga zinapoachana. Mkulima wa Mbingu akikosea kuanika, anayekosa ladha ni mtu wa San Francisco. Wakulima wengi wa kakao hawajawahi hata kuionja chokoleti iliyotoka kwenye miti yao. Sisi ni kinyume. Mlaji wa kwanza wa karanga zetu ni mtoto wetu. Na nzuri tukiziuza nje, zinazokataliwa zinarudi kwa nani? Zinarudi kwetu, zinasagwa, zinaitwa lishe. Kama wenzetu wanaweza kugeuza punje kutwa juani kwa ajili ya ulimi wa mgeni wasiyemjua, sisi tunashindwaje kufanya hivyo kwa ajili ya ini la mtoto tunayemjua kwa jina?

Serikali imeanza. Mradi wa TANIPAC wa kudhibiti sumukuvu umefika hadi wilayani kwetu, pale Mtanana, na dawa ya kibiolojia ya Aflasafe imesajiliwa nchini kwa ajili ya kutumika shambani. Maafisa ugani wapo, tuwatumie. Lakini hakuna mradi utakaokuja kukaa kwenye uwanja wa kila nyumba wakati karanga zinaanikwa. Hiyo ni kazi yetu.

Kamati inapendekeza mambo matatu, na mchanganuo wa gharama alioandaa mweka hazina mnao mikononi.

Kwanza, kuezeka lile ghala la kata lililobaki kuta, na kujenga nje yake vichanja vya kuanikia vyenye wavu, pamoja na maturubai ya kuazimwa kwa kaya zilizo mbali. Karanga zisiguse udongo. Zikishang'olewa zianikwe, zisirundikwe. Zibanguliwe zikiwa kavu, na mashine ndogo ya kubangulia iwepo, ili asiwepo mama wa kuloweka kwa sababu vidole vinamuuma. Tukimwambia mtu asiloweke bila kumpa mashine, tunamwongezea kazi tu.

Pili, mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, pamoja na daftari. Kila gunia litakuwa na namba, na namba ina jina la mkulima na tarehe ya kuingia. Lumbesa isivuke mlango wa ghala. Mnunuzi akija, atakuta mzigo umepimwa, umekauka, unajulikana umetoka shamba gani. Hapo ndipo tunapoweza kuzungumza naye bei tukiwa tumekaa wote kwenye viti, siyo yeye kwenye gari na sisi kwenye vumbi.

Tatu, kipima unyevu kwa kila mzigo, na sampuli kupelekwa maabara kabla ya kuuza. Kwa mahindi ya nyumbani hata chupa inatosha. Chukua chupa kavu, weka mahindi na chumvi kavu, tikisa, subiri dakika kumi na tano. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado mabichi, yarudishe juani. Hilo mlifanye hata kama leo hatukupata shilingi.

Kuna jambo la nne, na hili limeleta ubishi kwenye kamati. Tunaomba uwepo mfuko mdogo wa fidia. Mkulima aliyeanika ghalani kwa utaratibu, akachambua, na bado sampuli yake ikakataliwa, umoja umlipe nusu ya bei na karanga zile ziteketezwe mbele ya mashahidi. Mzee mmoja ninayemheshimu aliniuliza, "Mwanangu, tulipe pesa kwa kitu kibovu? Si tutafuga uvivu?" Swali lake ni la haki. Nikamjibu hivi: Mzee, mimi nilipeleka zile arobaini na mbili sokoni kwa sababu nilikuwa na deni na hapakuwa na mtu wa kunishika mkono. Mtu mwenye ada ya mtoto shingoni ukimwambia mali yako ina sumu, atakuitikia ndiyo, na usiku atatafuta wa kumuuzia. Usipoinunua wewe sumu ile, ataila mjukuu wako. Tumeweka mipaka: fidia ni kwa aliyefuata utaratibu tu, magunia yana kikomo kwa kaya, na baada ya misimu miwili mkutano huu utaamua upya. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mimi nichangie huo mfuko, paa atafuteni wengine." Yuko hapa, mtamwona akisimama.

Neno la mwisho juu ya shamba lenyewe. Kule Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa, kakao inakubali kivuli, kwa hiyo mkulima hana haja ya kumaliza miti ili apate zao. Sisi karanga zetu zinataka jua, lakini ukame wa mwisho wa msimu unazidhoofisha na kufungulia mlango ule ukungu hata kabla ya kuvuna. Kazi ya Kisiki Hai inayofanywa mkoani kwetu, ya kuacha visiki vichipue na kuchagua machipukizi machache yawe miti, haina gharama zaidi ya kisu na subira. Mwenye shamba lenye visiki asivichome. Ni akiba ya unyevu wa kesho.

Ndugu Mwenyekiti, karanga zitang'olewa kuanzia Aprili, na ikifika Juni nyingi zitakuwa zimeshauzwa. Paa likipanda baada ya hapo, tumepoteza msimu mwingine, na uji wa msimu mzima. Ndiyo maana tunaomba leo, siyo ahadi ya baadaye. Anayeweza bati atoe bati. Anayeweza turubai moja atoe turubai moja. Aliye mbali atume kwa simu kupitia kwa mweka hazina, na jina lake litasomwa na kuandikwa kwenye daftari lile lile litakaloandika magunia.

Mtoto wa dada yangu niliyewasimulia sasa ni binti mkubwa, mzima wa afya, namshukuru Mungu. Leo yuko pale nyuma anagawa chai. Mkipita kuchukua kikombe msimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe jioni, nikishamkabidhi mweka hazina bati zangu ishirini.

 Mungu aibariki Kongwa.